Kumpeleka Seremala Mzee Kwenye Msitu wa Amani

Anayetoka Dar es Salaam kwenda kuuona msitu wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, achague kwanza mwezi wa safari, kabla hajawaza gari, malazi au fedha. Milima ile inapokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja, na mvua hunyesha kule hata katika miezi ambayo sisi wa Dar es Salaam tunahangaika na joto. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara ya kupanda mlima huwa tope na utelezi, na vuli inayoanza Oktoba nayo si ya kudharau. Miezi yenye nafuu ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Sisi tulichagua Agosti, na bado tulinyeshewa. Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu nilisafiri na baba yangu, mtu mwenye umri mkubwa, magoti yanayomsumbua na presha inayohitaji dawa kila siku, na nilipokuwa nikijiandaa sikumpata mtu wa kunieleza msitu huo unamtaka nini mgeni wa aina yake.

Baba ni seremala. Alianza kazi Keko, mtaa wa maseremala wa Dar es Salaam, akiwa kijana na akaiacha pale macho yalipoanza kumsumbua, na katika muda wote huo mikono yake imepitia milango ya mvule, vitanda vya mninga, makabati ya mkongo na, katika miaka ya mwisho, viti vya mtiki. Mbao humfikia fundi wa Keko zikiwa zimeshachanwa, zimepangwa na zimepigwa bei. Mahali zilipotoka hapajui, na hana sababu ya kupajua wakati mteja anasubiri. Baada ya kuacha kazi ndipo alipoanza kulitaja jambo moja kila mara tulipokaa barazani. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "mimi mvule nimeuona umelala tu. Sijawahi kuuona umesimama kwenye msitu wake." Nilisikia kauli hiyo kwa muda mrefu kabla ya kuichukulia kuwa ni ombi, na nilipoichukulia hivyo nikaona kwamba magoti yake hayatanisubiri miaka mingine mingi.

Amani ilinifaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba gari linaweza kuingia ndani kabisa ya msitu, jambo ambalo si la kawaida katika misitu mikubwa ya milimani, na kwa mtu asiyeweza kutembea mwendo mrefu hilo ndilo linaloamua kama safari inawezekana. Ya pili ni msitu wenyewe. Amani ilitangazwa mwaka 1997 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya daraja hilo nchini, na ina ukubwa wa hekta 8,380. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ambako ukungu na mvua za baharini zimeulinda msitu kwa mamilioni ya miaka, hata katika nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Ndiyo maana kule kuna mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine duniani. Ua la nyumbani linalouzwa Ulaya kwa jina la Saintpaulia, kwa mfano, lilipata jina hilo kwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyepeleka mbegu zake kwao mnamo 1892.

Gari ndilo lililotugharimu zaidi, kwa fedha na kwa moyo. Kwa basi, safari ni rahisi hadi Muheza: unapanda gari la Tanga kwenye stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, unapita Chalinze na Segera, na baada ya saa tano au sita, barabara ikiwa njema, unashuka. Kutoka Muheza kupanda Amani ndiko kwenye kazi, kwa sababu magari ya abiria ni machache na husubiri yajae, na bodaboda si chombo cha kumpandisha mlima mzee mwenye magoti mabovu kwenye barabara ya vumbi na mawe. Kwa hiyo nikakodi gari dogo la mtu mmoja mjini pamoja na dereva wake, tukakubaliana bei ya kwenda Amani na kurudi. Kwa kuwa tulitokea upande wa Tegeta, tulipita Bagamoyo na kutokea Msata, na tukaepuka foleni ya Kibaha yote. Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Tulipofika Muheza dereva akasimamisha gari, akampigia simu mwenye gari, kisha akaniambia kwamba tajiri wake hakujua kuwa Amani ni mlimani na kwamba gari lisingepanda bila nyongeza ya shilingi 80,000. Baba alikuwa amechoka, jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi, na mtu aliye katika hali hiyo hana nguvu ya kubishana. Nilitaka kulipa. Baba ndiye aliyekataa, akasema gari ambalo mwenyewe analiogopea barabara ile litatuacha njiani hata akilipwa mara mbili, na kwa kuwa lilikuwa la chini, maneno yake yalikuwa na uzito. Tukaliacha Muheza pamoja na dereva wake, tukatafuta pale mjini gari la juu linaloendeshwa na kijana anayepanda mlima ule kila wiki. Malipo yake hayakupita sana ile nyongeza tuliyodaiwa.

Atakayekodi gari Dar es Salaam basi aandikiane na mwenye gari, na maandishi yataje kijiji cha Amani chenyewe, barabara ya mlimani na uwezekano wa mvua. Nafuu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenda Muheza kwa basi na kukodi gari la pale pale kwa siku zote za msituni, kwa sababu dereva wa Muheza anajua kila kona na anajua ni wapi pa kusubiri mvua ikate.

Malipo ya hifadhi yanahitaji kufanywa mapema. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na malipo ya kiingilio, gari na malazi hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki. Mtanzania hulipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje, lakini lazima awe na kitambulisho, na kwa mzee ambaye kitambulisho chake cha taifa hukaa kabatini ni vizuri kukitoa na kukiweka mfukoni wiki moja kabla. Ombeni namba hiyo mkiwa bado mjini. Tulikuta kundi la vijana langoni wakizungukazunguka na simu zao kutafuta mtandao ili wakamilishe malipo, na saa nzuri za asubuhi zilikuwa zikiwapita. Mwongoza wageni analipwa kwa hesabu yake, na bahashishi kidogo juu yake ni haki, kwa sababu wengi wao ni watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu, na kipato hicho ni mojawapo ya sababu za wao kuulinda.

Barabara kutoka Muheza, kabla ya kufika kwenye msitu wa asili, hupita katika shamba la miti la Longuza, ambalo ni la mitiki. Baba aliomba gari lipunguze mwendo. Aliitambua miti hiyo kwa majani yake mapana, na kwa kitambo akawa akiisifu: imenyooka, imepangwa kwa mistari, inapunguziwa matawi kwa wakati. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi wa Keko huliuliza, kwamba kwa nini Serikali isipande mvule kwa mistari namna ile ile, badala ya kuuacha uishe. Dereva hakuwa na jibu, wala mimi. Jibu tulilipata siku iliyofuata, na nitalieleza mahali pake.

Tulilala Zigi, chini ya mlima, kwenye nyumba za wageni za hifadhi, na ningemshauri kila mwenye mzee aanzie hapo. Zigi ilikuwa kituo cha mwisho cha reli ndogo iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tengeni ili kuteremsha magogo, na nyumba ya mkuu wa kituo ndiyo leo kituo cha habari cha hifadhi. Mto Zigi unapita hapo hapo. Maji yake, yakishuka, ndiyo yanayonywewa na wakazi wa jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani, na mhifadhi wa zamu alitueleza jambo hilo kabla hajatueleza jingine lolote. Eneo ni la chini na lina joto, kwa hiyo mbu wapo. Chandarua kinahitajika, na dawa ya kujipaka pia. Amani ya juu, kwa upande mwingine, ina baridi ya jioni ambayo mkazi wa Dar es Salaam hajaizoea, na sweta la mzee lisisahaulike.

Asubuhi ya kwanza haikwenda vizuri. Mwongoza wageni tuliyepewa alikuwa kijana hodari, mwenye darubini shingoni, na alituchukua kama anavyowachukua wageni wake wa kila siku, ambao wengi wao hufuata ndege. Kuna ndege mmoja mdogo wa kahawia, mwenye mdomo mrefu, ambaye watu hutoka mabara mengine kuja kumtafuta Amani, na ni fahari ya vijana wale kumpata. Tulikwenda haraka, tukasimama ghafla, tukaambiwa tunyamaze, tukatazama juu. Baba hakuona ndege hata mmoja kwa macho yake yale, na shingo ikamuuma. Msitu wa kale una tabia hiyo ya kutoonyesha kitu kwa mtu mwenye haraka: kijani mbele, kijani nyuma, giza hata mchana, na miti mikubwa imejificha nyuma ya midogo kiasi kwamba unaweza kupita karibu na shina la mita mbili ukadhani ni kivuli. Niliuona uso wa baba ukikunjamana, nami nikaingiwa na hofu kwamba nimemtoa nyumbani kwake na kumsafirisha zaidi ya kilomita 300 ili aje atazame majani.

Tulipopumzika nikamweleza kijana yule, kwa heshima, kwamba mzee ni seremala na kwamba alichokuja kukiona ni miti, hasa mvule. Akafurahi, wala hakuona vibaya. Alisema angelijua tangu mwanzo angemwita mwenzake, mtu mzima wa kijiji cha jirani, ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi ya kukata magogo katika msitu huo huo. Kwa hiyo mnapoomba mwongozaji, semeni mnataka nini. Kuna wanaojua ndege, kuna wanaojua vipepeo na vinyonga, na kuna wanaojua miti kwa majina ya Kisambaa na matumizi yake, na si rahisi kwa mtu mmoja kuyabeba yote.

Mtu huyo alikuja baada ya chakula cha mchana. Alimwamkia baba, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, na badala ya kuanza kutembea aliketi naye kwenye benchi, akamuuliza Keko amefanya kazi na mbao gani na amezionaje. Walizungumza kwa muda mrefu. Kisha akatuongoza kwa mwendo wa baba, hatua kwa hatua, kwenye njia ya tambarare iliyo karibu na mto, na hatukuwa tumefika mbali aliposimama na kusema, "Mzee, mvule wako huu hapa."

Baba hakutazama juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina, akaweka kiganja juu ya gome la kijivu, akakisogeza polepole upande wa kushoto, na alipofika mahali ambapo shina lilikuwa na uvimbe uliofunika kovu la zamani akasimama na kugonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu, sikio likiwa karibu. "Hapa ndani pana jiwe," akasema. Mwongozaji alidhani ni fumbo. Baba akamweleza kwamba katika mvule, hasa ulioumia, mara nyingine fundi hukuta kitu cheupe kigumu ambacho huvunja meno ya msumeno na kuharibu randa, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kukitoa kipande chake na kukihifadhi dukani. Hilo ni jambo la kweli: mvule hujikusanyia ndani ya mbao zake madini yale yale ya chokaa, na mahali palipojeruhiwa ndipo hujazwa zaidi. Yule bwana alikuwa ameupita mti huo maisha yake yote, na hakuwahi kusikia habari za jiwe lililomo ndani yake. Akachukua daftari lake dogo na kuandika.

Ndipo baba akatazama juu. Mvule uliokomaa unaweza kufika mita 50, na shina lake hupanda mita 20 au zaidi kabla ya tawi la kwanza. Alilifuata shina kwa macho hadi lilipopotea kwenye majani, akavua kofia yake, akasema kwamba sasa anajua kwa nini mbao zake huwa ndefu na hazina mafundo. Alibaki pale kwa muda ambao sikuupima, wala hakuna aliyemhimiza aondoke.

Hapo ndipo lile swali la Longuza lilipojibiwa. Mwongozaji alieleza kwamba mvule una miti dume na miti jike. Mmoja hautoshi kuzaa, na ukikata uliobaki peke yake bondeni, umeukatia na mwenzake wa mbali uzazi. Mbegu zake husambazwa na popo wanaokula matunda, kwa hiyo popo wakifukuzwa mvule nao unakosa mpanzi. Ama kuupanda kwa mistari, kuna mdudu mdogo anayeitwa Phytolyma anayetaga mayai kwenye miche ya mvule na kuifanya iote vivimbe hadi ncha zake zife. Miche ikiwa mingi mahali pamoja mdudu huyo huimaliza, lakini ikiwa imetawanyika chini ya kivuli cha miti mingine hunusurika. Mtiki hauna adui huyo. Baba alisikiliza kwa makini niliyoyafahamu tangu utotoni, yale ya kumsikiliza mteja anayeeleza kabati, kisha akauliza kama mche mmoja mmoja ungepandwa chini ya mikorosho au miembe ya watu wa Pwani ungeweza kukua. Aliambiwa kwamba wapo wanaojaribu kuupanda kwa kuuchanganya na miti mingine.

Nilitaka kujua umri wa mti ule, kama kila mgeni anavyotaka. Wapo waongozaji watakaokutajia mamia ya miaka, na yawezekana wakawa sahihi, lakini baba alinionya nisiandike tarakimu yoyote. Alisema mtiki una mistari inayohesabika ukiukata, ila mvule hajawahi kuuhesabu, kwa sababu mistari yake haieleweki. Misitu yenye mvua karibu mwaka mzima iko hivyo. Mti haupati kiangazi kikali cha kuuwekea alama ya kila mwaka. Kinachoweza kusemwa kwa hakika ni kwamba miti ya namna ile ilikuwepo kabla ya Wajerumani kufika na shoka lao.

Kesho yake tulipanda Amani kwa gari. Njia ya miguu kutoka Zigi ipo na ni nzuri kwa vijana, lakini ni mpando wa saa kadhaa, na sikuwa na sababu ya kuijaribu. Juu kule Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na bustani yao ya mimea, yenye mamia ya aina za miti kutoka pande zote za dunia, bado ipo. Sehemu kubwa ya bustani inafikika kwa gari, na mzee anaweza kushuka, akatembea hatua chache, akaketi. Ipo midalasini, ipo mikarafuu, upo na mkwinini ambao gome lake liliwapatia Wajerumani dawa ya malaria wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zao zilipozuiwa baharini. Baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria, na kazi hiyo iliendelea baada ya uhuru.

Mti uliomshika baba kule juu ni mnyasa. Mizizi yake imesimama juu ya ardhi kwa ubapa, mirefu kuliko mtu, na inatambaa mbali na shina. Nilidhani atavutiwa na ukubwa, kumbe alikuwa akiwaza kwa nini mti uhangaike kujijengea egemeo la namna ile. Mwongozaji akainama, akafukua majani makavu kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na tabaka jeusi lenye nyuzi nyeupe za kuvu na vijizizi vyembamba vilivyosukana, na kabla vidole havijazama hadi kwenye vifundo akafika kwenye udongo mwekundu, mgumu, usio na kitu. Chakula chote cha msitu kiko katika tabaka hilo jembamba, akasema. Ndiyo maana mizizi inatawanyika juu badala ya kuzama, na ndiyo maana mtu akifyeka hapo apande mahindi huvuna misimu michache tu, kisha shamba linachoka. Pembeni yake baba aliokota mbegu ya mnyasa, ya kahawia, bapa, yenye bawa jembamba lililoizunguka pande zote. Aliiweka kiganjani, akapuliza kidogo, ikaruka hadi kwenye kiatu changu.

Alitaka kuichukua. Akataka pia kipande cha tawi lililoanguka, akiwa na nia ya kukichonga kijiko. Yule bwana alimkatalia kwa upole kabisa, akamwambia, "Samahani, mzee wangu, hapa hata jani kavu halitoki." Wapelekeni wazee wenu wakiwa wameshaambiwa hivyo nyumbani, kwa sababu mtu aliyezoea kuokota vipande vya mbao maisha yake yote huona uchungu kukatazwa mbele ya watoto wake, na uchungu huo niliuona. Nilimnunulia iliki na mdalasini kwa wanakijiji, vitu vinavyolimwa mashambani mwao, na hilo lilimtuliza kwa kiasi.

Jambo la afya nililiogopa tangu mwanzo, na lilitokea. Tukiwa kwenye mteremko mfupi karibu na mashamba ya chai, pumzi zilimwishia baba, jasho likamtoka, akashika mti. Dawa zake zilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa nyumba ya wageni. Mwongozaji alimketisha kwenye gogo, akamfungua vifungo vya shati, akampa maji kwa mafunda madogo, na mimi nikarudi kwa gari kuzifuata dawa huku moyo ukinienda mbio kuliko wa kwake. Alipumzika, akapata nafuu, na tuliporejea Muheza tukapima presha kituo cha afya na kukuta iko salama. Dawa za mzee zikae kwenye mfuko wa suruali yake, zisitengane naye hata kwa nusu saa. Asiyezoea milima atembee asubuhi, na mchana apumzike. Fimbo ni bora kuliko bega la mtu, na viatu viwe vya kushika tope hata kama anga ni jeupe. Soksi zivutwe juu ya suruali kwa sababu ya siafu, ambao huvuka njia kwa mstari mpana baada ya mvua. Tuliwaona mara moja, tukazunguka mbali.

Kuna mandhari moja ambayo ilimsikitisha baba zaidi ya nilivyotarajia. Katika sehemu zilizovunwa kwa mitambo kwenye miaka ya 1970 na 1980, msitu umerudi, na kwa jicho langu ulikuwa msitu kama mwingine. Mwongozaji alituonyesha kwamba miti mingi pale ni ya aina moja, Maesopsis eminii, ambayo asili yake ni upande wa Ziwa Victoria na ililetwa Amani enzi za ukoloni. Mti huo hukua haraka penye jua, hivyo kila palipokatwa mnyasa, au mtambara ambao nao ni mti wa asili wa pale, Maesopsis ukajitokeza, na hondohondo wanaopenda matunda yake wakazisambaza mbegu hadi ndani. Baba alitambua baadhi ya magogo ya zamani yaliyokuwa yameachwa yaoze, akakisia mbao ngapi zingetoka. Hakusema kwamba useremala ni kosa, wala siamini hivyo. Alisema tu kwamba kwa miaka yote ile angependa kujua ubao anaoupitisha randa umetoka mlima gani, na kwamba mteja naye angepaswa kuuliza.

Tuliondoka Amani alfajiri ili tusiikute giza barabara ya Segera hadi Chalinze, ambayo malori yake usiku si ya kuchezea. Tangu turudi, mafundi wenzake wa Keko, wazee wenye randa zao bado mikononi, wamekuwa wakija barazani kuuliza, na wameanza kuchanga kidogo kidogo ili waende kwa pamoja. Nimewaomba waende Februari, wakodi gari la juu pale pale Muheza, walale Zigi, na wasizidi watu ambao mwongozaji mmoja anaweza kuwasubiri wote kwa mwendo wa mzee wa nyuma kabisa. Baba amewaandikia kwenye karatasi jina la yule bwana anayejua miti, na kipande chake cha jiwe la mvule, kile alichokihifadhi dukani, amewakabidhi wampelekee.